Nilivyoigeuza CG125 ya ami yangu kuwa skrambla

Ami yangu alikuwa bwana shamba, na kwa miaka mingi aliizunguka Pemba juu ya Honda CG125. Alipostaafu, pikipiki ikalala chini ya mwembe mpaka tangi likashika kutu na nyigu wakajenga ndani ya bomba la moshi. Nilipokwenda kumwomba aniuzie, aliniuliza, "Unataka kuifanyia nini, mwanangu?" Nikamwambia nataka kuigeuza skrambla, yaani pikipiki ya barabarani iliyorekebishwa ipite njia mbaya, nikamwonesha picha kwenye simu. Akaitazama kwa muda. "Hii si ndiyo ile ile, ila imenyanyuliwa bomba?"

Swali hilo sikuliacha tena. Nyingi zinazoitwa skrambla siku hizi ndivyo zilivyo: bomba juu, tairi za meno, kiti bapa, na mwendo haukubadilika hata chembe, au umeharibika. Skrambla za mwanzo hazikujengwa kwa kutazamwa. Uingereza, tangu miaka ya 1920, watu walikuwa wakishindana porini kwa pikipiki za kawaida za barabarani. Walizivua vyuma visivyo na kazi, wakanyanyua bomba lisigonge mawe wala lisimeze maji, wakaweka usukani mpana ili mikono iweze kupigana na tope. Nikajiwekea sharti kwamba sitabadilisha kitu ambacho siwezi kukitolea sababu.

Injini sikuwa na shaka nayo. Honda waliibuni CG miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mizigo na huenda miezi bila kuguswa na fundi. Vali zake zinasukumwa kwa vijiti, hakuna mnyororo wa juu wa kulegea. Na kwa kuwa Wachina wameinakili sana, pistoni, ringi na klachi nilivipata hapa hapa Pemba.

Bomba la moshi ndilo lililonichukulia siku nyingi. Kwenye CG linashukia kulia, na kiki nayo iko kulia. Ukilinyanyua bila kupima, kiki inaligonga. Honda wenyewe, kwenye skrambla yao ya CL72 ya mwaka 1962, mabomba yote mawili waliyapitisha kushoto, na nilifikiria kuwaiga. Lakini mke wangu hupanda kwa kukaa upande, miguu kushoto, kama wanawake wengi wa hapa, na sikuwa tayari kuweka chuma cha moto karibu na buibui lake. Basi likabaki kulia. Mzee mmoja wa Wete anayechomea vyuma alilikata bomba vipande vitano, akaviunga kimoja kimoja, na kila baada ya kiungo ananiambia, "Kanyaga tena, mwanangu," nami nakanyaga kiki tuone kama inapita. Ngao ya bati aliitoboa matundu na kuiweka mbali na bomba kwa upana wa kidole. Nilitaka ikae karibu zaidi ipendeze, akakataa. Alisema ngao ikiligusa bomba nayo inakuwa bomba. Goti langu linamshukuru hadi leo.

Kosa langu kubwa lilikuwa boksi la hewa, lile linalobeba chujio la injini. Kwenye picha, pale chini ya kiti huwa wazi, unaona mpaka upande wa pili, na kwa kweli inavutia. Fundi mmoja akanishauri tuling'oe boksi, tufunge chujio dogo moja kwa moja kwenye kabureta. Tukafanya hivyo. Ikisimama ilinguruma vizuri, lakini ukiipa mafuta nusu kwenye mlima inasita na kukohoa. Nilipofungua plagi niliikuta nyeupe kama chokaa: hewa nyingi, petroli kidogo, injini inachemka. Nikaweka jeti kubwa zaidi, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ikatulia kidogo, ila vumbi la njia za shamba likawa linaingia ovyo. Baada ya wiki tatu nililitafuta boksi lile lile kwenye lundo la vyuma, nikalirudisha pamoja na jeti ya mwanzo. Mapigo ya injini yakarudi kama ninavyoyakumbuka tangu nikiwa mtoto wa skuli, ami akipita barabarani. Upande ule hauna uwazi wa kwenye picha, na siutaki tena.

Shokapu zilinifunza mengi. Za nyuma nilifunga ndefu kwa sentimita 2 hivi ili injini ipande mbali na mawe. Ikapanda, lakini pikipiki nzima ikainamia mbele, usukani ukawa mwepesi mno, kwenye mchanga unageuka wenyewe. Stendi ya pembeni nayo ikawa fupi, na siku moja pikipiki ikaanguka mbele ya msikiti, kioo cha taa kikavunjika. Nikafungua shokapu za mbele, nikakata vipande viwili vya bomba la plastiki la maji, milimita 25 kila kimoja, nikavikalisha juu ya springi, na kutia mafuta mazito zaidi ndani yake. Kazi ya gharama ndogo kuliko zote, na hakuna iliyobadilisha mwendo zaidi yake. Sasa nikifunga breki haizami, na kwenye mashimo mikono haipokei kila pigo. Anayetaka skrambla aanze hapo, kiti na rangi vitamngoja.

Sproketi ya mbele, ile gia ya injini inayovuta mnyororo, nimepunguza jino moja, ambalo ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Kwenye lami ya kwenda Mkoani injini inalia mapema na sipendi kupita kilomita 60 kwa saa. Lakini Pemba ni vilima na mabonde, na gia ya pili sasa inanipandisha na gunia la karafuu nyuma bila kuchezea klachi.

Tairi za meno makubwa nilizivaa mwezi mmoja tu. Kwenye tope ni raha. Kwenye lami iliyonyeshewa zinateleza, kwa sababu mpira unaoigusa barabara ni mdogo, nami nina mtu nyuma yangu. Nyuma nikaacha meno ya wastani, mbele nikaweka tairi ya mistari.

Kiti ameshona fundi wa makochi, sponji ngumu chini, laini juu. Mke wangu alikijaribu, akasema, "Kiti kizuri, lakini hujanipa pa kushika." Hilo kwenye picha halipo. Nikaongeza chuma cha mkono.

Safari yake ya kwanza ya kweli ilikuwa Konde, kisha msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi, siku moja baada ya mvua. Kwenye matope ya msituni nilisimama wima, magoti yamelibana tangi, usukani mpana ukanipa nguvu ya kuirudisha kila ilipotaka kukimbia upande. Pwani nilipunguza upepo wa tairi, ikapita juu ya mchanga pale ambapo zamani ningeshuka na kusukuma. Haina kasi. Ina subira, na mtu hafiki amechoka.

Jioni ile niliipitisha kwa ami. "Panda ujaribu, ami." Akapiga kiki mara moja, ikawaka. Akapita mbele ya nyumba mara mbili, akasimama, akazima.

"Umetoa jino."

"Moja, ami."

"Mbele?"

"Mbele."

Akatikisa kichwa kwa kukubali, akapiga kiki tena, akaenda nayo mpaka Konde.