Siku Yangu Moja na Maji ya Kupikia Bia

Saa 12 asubuhi. Siku ya kupika bia huanza kwenye madumu ya maji, kabla sijagusa kimea wala kuwasha jiko. Zaidi ya asilimia 90 ya bia ni maji, kwa hiyo dumu lenye kasoro huharibu kazi ya wiki kadhaa hata kama kila kitu kingine kimekwenda sawa. Nafungua mfuniko na kunusa kwanza, maana harufu ya udongo au ya uvundo huwahi kujitokeza kabla maji hayajabadilika rangi. Kisha namulika ndani kwa tochi na, baada ya kunawa mikono, napitisha kidole ndani ya mdomo wa koki. Nikihisi utelezi, hata kama maji ni maangavu kiasi gani, dumu hilo halitumiki leo. Utelezi huo ni ukoga wa bakteria walioshikamana na plastiki na kujifunika kwa ute wao wenyewe, na klorini kidogo iliyomo ndani ya maji haiwafikii kwa urahisi. Watu wengi huteua hamira kwa makini sana, ilhali koki ya dumu lao haijawahi kufunguliwa na kusuguliwa tangu iliponunuliwa.

Saa 12 na nusu. Nachovya karatasi ya kupimia klorini. Katika maji ya akiba nataka kuona kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, kwa sababu klorini hiyo ndiyo inayoyalinda siku zote yanapokaa. Baadhi ya wapishi huiondoa mara tu wanapojaza madumu, wakidhani wanajirahisishia kazi ya siku ya kupika. Mimi siafiki. Maji yasiyo na klorini ni maji yasiyo na mlinzi, na bakteria yeyote atakayeingia kupitia mfuniko au kikombe atazaliana bila kizuizi.

Saa 1. Sasa mlinzi huyo anaweza kuondoka. Klorini ikikutana na fenoli, yaani kemikali za asili zinazotoka kwenye kimea na hamira, huzaliwa klorofenoli, ambazo hata kwa kiasi kidogo mno huipa bia ladha ya dawa ya hospitali au ya plasta ya kidonda, na hakuna namna ya kuiondoa baadaye. Klorini ya kawaida hutoka kwa kuchemsha, lakini mifumo mingi ya maji ya bomba hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo hung'ang'ania hata maji yakichemka. Kwa hiyo nasaga kidonge cha metabisalfaiti, chumvi ya salfa inayoondoa klorini na kloramini, chenye uzito wa takriban nusu gramu na kinachotosha lita 75, nachukua sehemu yake inayolingana na maji niliyonayo, nakoroga na kusubiri dakika chache. Chujio la mkaa nalo hufanya kazi hiyo, ila mkaa usiobadilishwa kwa wakati hugeuka kuwa makao ya bakteria.

Saa 2. Navitayarisha vyombo vitakavyogusa bia baada ya kuchemka. Kusafisha ni kazi moja na kuua vijidudu ni nyingine: dawa haipenyi uchafu, kwa hiyo nasugua na kusuuza kwanza, ndipo natia kitakasa cha asidi kisichohitaji kusuuzwa. Hiyo sifa ya kutosuuzwa ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kusuuza chombo kilichotakaswa kwa maji yaliyolala dumuni ni kukirudishia kile ulichokiondoa.

Saa 3 hadi saa 6 mchana. Kimea kinalowekwa katika nyuzi 67 hivi, kinakamuliwa, na maji yake matamu yanachemka kwa saa nzima pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Kwa upande wa vijidudu, hapa sina wasiwasi. Ninachokumbuka tu ni kwamba moto hauondoi madini ya chuma, chumvi wala nitrati. Maji yakipungua kwa mvuke, vitu hivyo huongezeka ukali ndani ya kile kilichobaki.

Saa 6 na nusu. Hii ndiyo saa ya hatari ya siku nzima. Maji ya kimea yanaposhuka kutoka kwenye mchemko hadi nyuzi 20, yanakuwa chakula kitamu, cha uvuguvugu, kisicho na pombe bado wala uchachu wa kuyakinga. Maji ya kuongezea ili kufikisha ujazo niliyachemsha jana usiku na kuyaacha yapoe ndani ya chombo kilichotakaswa na kufunikwa, wala sichoti kitu moja kwa moja kutoka dumuni. Sufuria inapokaa kwenye beseni la maji baridi, mfuniko wake haufunguliwi, na kabla ya kumimina nafuta kwa kitambaa kilicholoweshwa kitakasa matone yote yanayoning'inia nje ya ukingo. Tone moja la maji ya beseni hutiririka kwa urahisi na kuingia pamoja na bia.

Saa 8. Hamira imeingia na chombo kimefungwa. Kizuizi cha hewa, kile kifaa kidogo cha juu ya mfuniko kinachotoa gesi bila kuruhusu hewa kuingia, nakijaza maji yaliyochemshwa, kwa sababu joto la chumba likishuka usiku, chombo huvuta hewa ndani na wakati mwingine maji ya kizuizi huvutwa pamoja nayo.

Saa 10 alasiri. Narudi kwenye madumu matupu. Nafungua koki vipande vipande, natoa mpira wake wa kuzuia uvujaji na kuusugua kwa brashi ndogo. Kisha natia kijiko cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato kwa kila lita ya maji, natikisa hadi kila upande ulowe, na koki nayo naifungua ipitishe dawa hiyo. Dawa hii haikutani kamwe na kile kitakasa cha asidi cha asubuhi: vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Saa 12 jioni. Baada ya kuyasuuza, nayajaza kwa maji ya bomba la baridi, kwani maji ya moto huweza kubeba madini ya risasi kutoka kwenye mabomba. Natumia mpira wa kupitishia maji uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, si ule wa bustani unaotoa ladha ya plastiki. Naandika tarehe ubavuni, na nayapanga juu ya mbao gizani, mbali na rangi na petroli, kwa kuwa mvuke wake hupenya plastiki. Dumu lenye tarehe ya zamani zaidi linakaa mbele, na lolote litakalofikisha miezi 6 bila kutumika litamwagwa na kujazwa upya.