Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwajengea Wapwelewa Mji Wao

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimekwisha amka, kwa kuwa ninaishi Likoni na kazi yangu iko kisiwani Mombasa, na asiyetaka kusukumana hana budi kuiwahi feri mapema. Mama hunitengea mahamri na mbaazi, kisha huniuliza swali lile lile: "Mwanangu, bado waandika mambo ya vibwengo?" Simlaumu. Kwetu pwani kibwengo si kitu cha kuchezea watoto. Ni shetani wa kando ya bahari ambaye wazee humtaja kwa sauti ya chini, na mama angependa niwe na kazi anayoweza kuwaeleza majirani bila kusita.

Kazi yenyewe ni kubuni walimwengu wa michezo ya kompyuta. Mchoraji huwachora viumbe, watayarishaji wa programu huwafanya watembee, nami ndiye ninayeamua wanakula nini, wanadaiana vipi, wanaapa kwa jina la nani na wanawazikaje wafu wao. Kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikiwaunda Wapwelewa, vibwengo wafupi wenye vidole virefu wanaoishi ndani ya mikoko. Jina lao nililitoa katika kitenzi kupwelewa, kwa maana wahenga wao waliachwa matopeni maji yalipokupwa, na tangu hapo hawakurudi baharini.

Saa mbili asubuhi nimo chumbani mwetu, ghorofani katika Mji wa Kale, na saa tatu za mwanzo hupita kwa utulivu. Asubuhi hii nilikuwa nikipanga soko lao. Wapwelewa hawafuati jua bali hufuata maji. Soko hufunguliwa maji yanapokupwa, na kwa kuwa kupwa na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, mchezaji aliyefika jana asubuhi hatawakuta saa ile ile wiki ijayo. Itambidi autazame mwezi, kama mvuvi yeyote wa hapa anavyoutazama.

Saa tano tuliitwa katika mkutano wa mtandaoni na mteja aliye Ulaya, ambaye ndiye mwenye fedha. Tulitarajia nusu saa. Alianza kwa upole kwamba michoro imempendeza, kisha akasema anataka ngozi iwe ya kijani, lugha yao iondolewe wabaki na milio tu, na kila mmoja wao awe mwizi. "Goblini ni mwizi," alisema, akiwaita vibwengo kwa jina lao la Kizungu, "kila mchezaji anajua."

Nilimweleza kwamba hicho anachokiita desturi kina historia ndefu zaidi kuliko michezo. Katika karne ya 12 mtawa Orderic Vitalis aliandika habari za pepo wa mji wa Évreux, Ufaransa, aliyeitwa Gobelinus, na huyo hakuwa jeshi la wezi wa kijani. Nao wachimbaji madini wa Ujerumani walipopata mawe yenye sumu mahali walipotarajia fedha, waliwalaumu vibwengo wa machimboni waitwao kobold. Mkemia Georg Brandt wa Uswidi alipoitambua metali iliyomo katika mawe hayo, katika miaka ya 1730, ikabaki na jina lao, kobalti. Ndiyo itiayo buluu katika kaure ya Kichina, ile ambayo vipande vyake vimehifadhiwa katika makumbusho ya Fort Jesus, dakika chache kutoka mezani kwangu. Niliwahi kusimama mbele ya sahani moja pale hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nina shida. Ukingo wake ulikuwa umemeguka, ila ua lililochorwa katikati lilikuwa bado na buluu mbichi kana kwamba wino haujakauka. Siku ile ndipo nilipoamua kwamba Mpwelewa azikwe na kigae cha buluu chini ya ulimi, ili bahari imtambue.

Umeme ukakatika. Mkutano ukavunjika, tukaurudia kwa simu, sauti ikawa inakuja na kupotea, na kila aliporudi mteja alianza upya pale pale. Feni ilikuwa imesimama, shati limenigandia mgongoni, na swala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha pita. Tukafika kwenye rafu. Kwa sheria ya Wapwelewa, chochote kinacholetwa na maji huwekwa juu ya rafu ya boriti iliyo wazi kwa wote, nacho hakiguswi hadi bamvua mbili, yaani yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, zipite, ili mwenyewe apate muda wa kuja kukidai. Asipokuja, ni chao. Wageni wasioijua sheria hii hukuta mali zao huko na kuwaita wezi. Mji wote umesimama juu ya rafu hiyo. Mteja alitaka iondolewe, yabaki mapango yenye vitu vya wizi, na mazishi nayo yaondolewe. Nilipomwuliza sababu alinijibu bila kuficha: mchezaji akiwaona wakizikana, atasita kuwaua.

Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamwambia kwamba kusita huko ndiko nilikokuwa nikikutafuta kwa mwaka mzima. Akasema nimwandikie hoja zangu, zimfikie kabla ya kesho asubuhi.

Sijui tulimaliza saa ngapi. Nakumbuka nilishuka chini kwa mzee muuza kahawa, nikamwamkia, akanimiminia kikombe cha kahawa tungu na kuniambia, "Keti kwanza, mwanangu, uso umekuparama." Niliketi. Magharibi ilinikuta nikiwa nimerudi juu na umeme umerudi, naandika kurasa za kumtetea kiumbe asiyekuwako, na macho yananiuma.

Nilivuka na feri ya usiku nimesimama. Katikati ya maji simu ililia. Alikuwa mchoraji wetu, ambaye hakusema neno lolote mkutanoni. Alikuwa ameniletea mchoro mmoja: rafu ya boriti wakati maji yamekupwa, juu yake kiatu kimoja cha mtoto wa kibinadamu kilichopanguswa tope, na Mpwelewa mdogo ameketi chini yake, anangoja.