Saa Mbili ya Bangkok

Saa nane mchana tulikuwa watatu kwenye kichochoro cha Banglamphu, mtaa wa Bangkok, jua la mwezi wa sita linachoma utosi, mbele yetu kibanda kimefunikwa turubai la bluu na paka amelala juu ya meza. Salehe hakukubali kushindwa. "Alisema song. Song ni mbili. Mbili yao ni saa nane yetu. Hii hesabu ya darasa la kwanza, jamani." Neema hakumjibu. Alikuwa amekalia begi lake anajipepea kwa ramani.

Mwenye kibanda tulimwona usiku uliopita anakaanga tambi kwa mayai na kamba, kavaa hijabu, na kwa Salehe hilo lilitosha. Siku ya tatu hiyo alikuwa anaishi kwa matunda na wali mkavu, maana kila karai alilolisogelea lilikuwa na nguruwe. Usiku ule chakula kilikuwa kimeisha. Tukamwuliza kwa ishara kesho anafungua saa ngapi, akasema "song thum" na kutuonyesha vidole viwili. Salehe, aliyekariri namba za Kithai moja mpaka kumi ndani ya ndege, akatutafsiria kwa kujiamini kabisa.

Tulikuwa tumepitia Addis Ababa, mabegi mgongoni, safari tuliyoipanga tangu tuko chuo tukiwa hatuna hata nauli ya kwenda Bagamoyo. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi una dirisha la afya kabla ya uhamiaji, na Mtanzania hapiti bila cheti cha homa ya manjano. Changu kilikuwa chini kabisa ya begi. Nikalimwaga lote sakafuni, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa mfuko wa dagaa ambao mama alinifungia bila kuniambia. Nisieleze zaidi.

Mtaa wa Khao San, ambao kila mbeba begi duniani anatumwa kwenda, jina lake maana yake ni mchele uliokobolewa, kwa kuwa zamani ndiko ulikokuwa unauzwa. Siku hizi wanauza pombe kwenye ndoo na nge wa kukaanga kwa ajili ya picha. Tulipita mara moja, ikatosha.

Kwenye Kasri Kuu ndipo tulipopigwa. Si sana. Nje ya ukuta alitujia bwana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, akatuambia kwa upole kwamba leo kuna ibada, kasri limefungwa hadi mchana, lakini kuna hekalu zuri na bajaji ya kutupeleka kwa baht 20 tu. Bajaji zao ndizo hizo tuk-tuk, zimepambwa kama zinaenda harusini. Mtu aliyekulia Kariakoo angepaswa kushtuka kusikia bei hiyo. Hatukushtuka. Tulioneshwa hekalu dakika tano, kisha bajaji ikasimama mbele ya duka la vito lenye kiyoyozi.

Bahati yao mbaya, Neema ni wa Arusha, mjomba wake ni dalali wa madini. Muuzaji alipanga safaya za bluu juu ya kitambaa cheusi, akaanza habari za "bei ya leo tu". Neema akaomba aone tanzanaiti. Ikaletwa moja. Akaishika kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani, akaigeuza taratibu kutoka bluu kwenda zambarau, akauliza bei. Alipoambiwa, akairudisha juu ya kitambaa na kutuambia kwa Kiswahili, bila hata kutabasamu, "Twendeni. Mjomba akisikia nimekaa humu ataniondoa kwenye ukoo." Ila biashara ya vito baina ya huko na kwetu ni ya kweli na ya siku nyingi. Miaka ya 1990, mawe yalipoibuka Tunduru, wanunuzi wa Kithai walifunga safari mpaka kule porini. Dereva alinuna njia nzima, maana ndilo duka linalomlipa.

Kasri, bila shaka, lilikuwa wazi. Mlangoni wanakataa magoti na mabega wazi, na nje pana biashara nzima ya vitambaa vya kujisitiri kwa sababu hiyo. Neema akatoa khanga begini akajifunga, ya pili akanirushia mimi na kaptura yangu. Nilizunguka kwenye makao ya wafalme wa Siam nikiwa nimeandikwa nyuma USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Lakini nikiulizwa Bangkok ni nini, nitasema ni boti za mfereji wa Saen Saep. Ni daladala ya majini, ndefu na nyembamba, inaunguruma kwenye maji meusi katikati ya migongo ya nyumba, nguo zimeanikwa na vyungu vya maua viko karibu kiasi cha kugusa. Kondakta amevaa kofia ngumu. Haingii ndani, anatembea ukingoni mwa boti kwa nje, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine unakusanya nauli, na daraja likija anainama bila hata kulitazama. Nikawahi kiti cha pembeni nione vizuri. Kumbe kiti kile kina kazi. Pembeni kuna turubai la nailoni lenye kamba, na boti nyingine ikija, aliyekaa pale anatakiwa avute kamba turubai lipande. Mimi nilikuwa nashangaa nyumba. Bibi aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega, nikageuka nikamtabasamia, na wimbi likatuingia wote wawili. Maji yale yana harufu isiyotoka kwa sabuni moja. Safari iliyobaki bibi alivuta kamba mwenyewe, akipitisha mkono juu ya bega langu kama mtu asiyetaka tena kubahatisha.

Tulishuka kwenye daraja la Hua Chang, tukaingia Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa kabila la Cham. Hao ndio waliofuma hariri ya Jim Thompson, yule Mmarekani aliyepotelea milimani Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, ina foleni ya watalii. Upande huu hapakuwa na foleni. Palikuwa na mzee barazani, Salehe akamtolea salamu, akaitikiwa kwa ukamilifu wake, na mazungumzo yakaishia hapo kwa kukosa lugha. Wakabaki wanatazamana wanacheka.

Jioni, kwenye kituo cha treni za juu, saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa ukapigwa na umati wote ukaganda. Mimi nilikuwa hatua tatu mbele, peke yangu, ndipo nikagundua.

Kijana wa mapokezi pale hosteli ndiye aliyetumaliza. Tulimlalamikia habari ya mama wa tambi, akacheka, akachora duara kwenye karatasi. Treni na ofisi hufuata saa za dunia, alisema, lakini watu mtaani jioni wanahesabu "thum", mlio wa ngoma ya zamani. Giza likiingia unaanza upya. Saa moja baada ya saa kumi na mbili jioni ni thum ya kwanza, inayofuata ni ya pili.

Salehe aliitazama ile karatasi kwa muda. "Yaani alisema saa mbili usiku."

"Saa mbili usiku," nikasema.

"Na mimi nikampitisha kwa Mwingereza."

Basi huo ndio ukweli. Kuanzia magharibi mpaka saa tano usiku, Mthai na Mswahili wanasoma saa ileile. Wanaachana usiku wa manane, wao wakianza tena moja na sisi tukiendelea na saba.

Tulikula kwake saa mbili, sahani mbilimbili. Salehe tatu. Alikuwa amebeba mfuko wa shokishoki na doriani zima kutoka soko la Or Tor Kor, na kwa kuwa doriani ni marufuku kwenye treni, tulikuwa tumelipandisha bajaji ya peke yake kama mgonjwa. Mlangoni hosteli pia lilichorwa na kukatwa kwa mstari mwekundu. Saa tano usiku akalipasua ukingoni mwa barabara. Neema akahama maduka matatu, khanga puani. Mimi nilionja kokwa moja, laini kama maziwa mgando yaliyokaa na kitunguu.

Salehe, Mpemba wetu, akatafuna, akafikiri.

"Hili wamelikata mtini," akasema. "La kwetu huachwa lianguke." Akachukua kokwa la pili.