Wazee saba, dakika 124: hesabu ya The Best Exotic Marigold Hotel

Gawa dakika 124 za filamu hii kwa wazee saba wa Uingereza wanaohamia hoteli moja India. Kila mmoja hafikishi dakika 18, na hapo Sonny, kijana mwenye hoteli, hujamwekea hata sekunde. Ndiyo hesabu iliyowakabili mwandishi Ol Parker na mwongozaji John Madden walipoichukua riwaya ya Deborah Moggach ya 2004, wakaihamisha kutoka Bangalore hadi Jaipur. (Hapa chini nafichua mwisho. Kama hujaitazama, rudi baadaye.)

Filamu za wahusika wengi huharibika mapema kwa kosa lilelile: kila mtu anaingia na tabia yake, huyu mkali, yule mpole, halafu anairudia mpaka taa ziwashwe. Hapa kila mmoja anaingia na deni. Mume wa Evelyn (Judi Dench) kafa, madeni yamebaki, nyumba inauzwa. Akiba ya Douglas na Jean imezama kwenye biashara ya intaneti ya binti yao. Muriel (Maggie Smith) nyonga imekwisha, na foleni ya hospitali za umma Uingereza ni ndefu. India atapasuliwa mapema. Graham, jaji mstaafu, deni lake si la fedha: anamtafuta Manoj, mwanamume aliyempenda ujanani. Ukishajua mtu anadaiwa nini, huna haja ya kuelezwa kwa nini kapanda ndege.

Angalia simu ya mwanzoni kabisa. Evelyn anapiga kuulizia intaneti ya nyumbani, na mhudumu anasisitiza kuongea na mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni marehemu. Mhudumu hana ubaya, anasoma tu alichoandikiwa. Baadaye Jaipur, Evelyn anapata kazi kwenye kituo cha simu, kufundisha vijana namna ya kuongea na wazee wa Uingereza. Simu ile ya mwanzo ilimtambulisha mjane na ikamtafutia kazi papo hapo. Mwenye dakika 18 hana budi kuua ndege wawili kila anaporusha jiwe.

Muriel naye kajengwa hivyohivyo. Anaanza na ubaguzi usiofichwa, na filamu haiharakishi kumsafisha. Kisha, nyumbani kwa msichana wa tabaka la chini anayefagia hotelini, tunajua kwamba alikuwa mtumishi wa ndani, akashika hesabu za familia ya watu, akamfundisha kazi mwenzake mdogo, kisha wakamwambia hawamhitaji tena. Kwa hiyo anapofungua vitabu vya Sonny na kuona hoteli inaweza kujiendesha, si muujiza; ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Dev Patel, aliyezaliwa London na wazazi waliozaliwa Nairobi, anamcheza Sonny kwa kasi ya kupitiliza, na kasi hiyo inasaidia: wazee wanatulia, yeye anasukuma gurudumu. Jengo lenyewe, tukiwa hapo, haliko Jaipur bali Khempur, kijiji karibu na Udaipur.

Hesabu haikumtosha kila mtu. Madge na Norman, wazee wawili wa mwisho, wamebakiwa na mzaha mmoja, kutafuta wapenzi, na ukiwaondoa hakuna kinachoanguka. Sunaina, mpenzi wa Sonny, yupo zaidi ili mama mkwe apate wa kumkataa.

Anayeonewa hasa ni Jean. Ndiye anayelalamika kuliko wote, na malalamiko yake mengi ni ya kweli: vyumba havifanani na picha za tangazo. Lakini hati ya filamu inamhitaji awe mbaya ili Douglas (Bill Nighy) awe huru. Kinachomwokoa ni Penelope Wilton, kwenye foleni ya magari wakienda uwanja wa ndege. Riksho inapatikana, ina nafasi ya mtu mmoja. Anamtazama mumewe, anajua, anapanda peke yake.