Mic au mike? Mimi nabaki na mike

Juzi mdogo wangu alikuwa ananisomea maelezo ya kipaza sauti kile cha kubana kwenye kola, akafika kwenye neno mic, kifupi cha Kiingereza cha microphone, akasoma "mik". Nikamwambia hapana, hiyo ni maiki. Akaniangalia, akauliza sasa hiyo "ai" iko wapi hapa? Nikakosa jibu la haraka, na tangu siku hiyo hili jambo halijanitoka kichwani.

Maana dogo ana hoja. Bicycle ilivyofupishwa haikuandikwa bic, iliandikwa bike, ili msomaji asikie sauti. Refrigerator haina d hata moja lakini fridge inayo, kwa sababu ukiacha frig mtu ataisoma na g ya gari. Kwa utaratibu huo huo microphone inatoa mike, na mike ndiyo kongwe, ilikuwepo kwenye maandishi toka miaka ya 1920, hiyo mic imekuja nyuma yake.

Wanaotetea mic wanasema herufi zifuate neno mama. Haya, igeuze basi iwe kitendo, uandike micing, si inasomeka "maising" kama ile icing ya keki? Ndo maana wengi wakifika hapo wanarudi kimya kimya kwenye miking, au wanachomeka kikoma cha juu, mic'd, na mimi kikoma kile nakiona ni kiraka tu.

Math na maths, vifupisho vya mathematics (hisabati), wala sigombani, Marekani hivi, Uingereza vile, na zote zinasomeka.

Ila inayonishangaza kuliko zote ni usual, yaani "kawaida". Watu wanaifupisha mdomoni kila siku, the nini sijui, halafu kuiandika hakuna anayeweza! Mmoja anaweka uzh, mwingine yoozh, mwingine usj, na wote wanabishana. Shida ni ile sauti ya katikati, kama sh iliyochanganyika na z, Kiingereza hakijaipa herufi yake, kwenye usual inabebwa na s kwa msaada wa u inayofuata, sasa ukikata hiyo u ya pili unabaki na us, ambayo ni "sisi". Neno linatamkika vizuri kabisa na halina nguo ya kuvaa kwenye karatasi.

Mdogo wangu nimemwelekeza aandike mike. Bado anaandika mic, anasema wenzake wote ndo wanavyoandika, ila sasa akiiona anasoma maiki.