Chanzo Kisichoandikwa: Kuandaa Hesabu ya Taifa ya Vichafuzi vya Hewa

Wengi wanaofuatilia ubora wa hewa huiona ramani ya mwisho, ile yenye maeneo mekundu yanayoonyesha mahali chembe laini za PM2.5, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zilipozidi, na mjadala wao huanzia hapo. Kazi ninayoifanya iko hatua kadhaa kabla ya ramani hiyo. Modeli ya ubora wa hewa, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa uchafuzi unavyosambaa, haijui kama kuna kiwanda, barabara au jiko mahali fulani mpaka iambiwe. Inachokijua yenyewe ni mwendo wa upepo na kemia ya angahewa. Kila tani ya moshi inayoingia ndani yake lazima iwe imeandikwa na mtu katika hesabu ya taifa ya vichafuzi, pamoja na mahali inapotoka, saa inapotoka na kimo inapotokea. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimefikia kuamini kwamba tarakimu yenye kasoro huiumiza modeli kidogo kuliko chanzo ambacho hakikuandikwa kabisa, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Msingi wa ukokotoaji ni mwepesi. Unachukua takwimu za shughuli, yaani tani za mafuta yaliyochomwa, tani za saruji iliyozalishwa, idadi ya ng'ombe au kilomita zilizosafiriwa na magari, unazizidisha kwa kiwango cha utoaji, yaani gramu za kichafuzi kwa kila kizio cha shughuli hiyo, kisha unaondoa kile kilichonaswa na vichujio kama vipo. Viwango vya utoaji hupatikana katika miongozo. Marekani ina mkusanyiko uitwao AP-42, ambao ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1968, na Ulaya ina mwongozo wa EMEP (mpango wa Ulaya wa kufuatilia uchafuzi wa hewa) na Shirika la Mazingira la Ulaya, uliopangwa katika ngazi tatu: ya kwanza hutumia viwango vya jumla, ya pili huvitenganisha kwa teknolojia, na ya tatu hutaka vipimo au modeli za kina za sekta inayohusika. Mtu mwenye subira na mizania ya nishati ya nchi, yaani jedwali la mafuta na umeme uliopatikana na kutumika, anaweza kupata jumla ya awali bila shida kubwa.

Ugumu huanza pale kiwango cha kitabuni kinapokutana na mafuta halisi. Chukua salfa iliyomo katika dizeli. Karibu salfa yote huungana na oksijeni wakati wa kuungua, na kwa kuwa uzito wa dioksidi ya salfa ni mara mbili ya uzito wa salfa yenyewe, dizeli yenye miligramu 500 za salfa kwa kilo hutoa gramu 1 ya dioksidi ya salfa kwa kila kilo inayochomwa. Tani 100,000 za dizeli hiyo hutoa tani 100. Lakini mwandaaji akinakili kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya dizeli ya barabarani ya Ulaya, ambayo kisheria haizidi miligramu 10 kwa kilo, atapata tani 2 tu, na jedwali lake litaonekana safi kabisa. Ndiyo maana mimi huanza na kanuni za ubora wa mafuta na vyeti vya vipimo vya shehena zinazoingia, kabla sijafungua mwongozo wowote. Oksidi za nitrojeni nazo zina mtego wake: kwa desturi huripotiwa kana kwamba zote ni dioksidi ya nitrojeni, ambayo molekuli yake ina uzito wa 46, ilhali kinachotoka kwenye injini kwa wingi ni monoksidi yenye uzito wa 30. Asiyeandika wazi ametumia uzito upi humwachia mtumiaji wa modeli shaka ya zaidi ya nusu ya kiasi chenyewe.

Viwango vya magari vinahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu sheria inasema jambo moja na barabara inasema jingine. Kiwango cha Euro 5, kikomo cha Ulaya cha moshi wa magari mapya, kiliruhusu magari madogo ya dizeli kutoa gramu 0.18 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, lakini vipimo vilivyochukuliwa barabarani vilikuwa vikionyesha mara kadhaa ya kiasi hicho, muda mrefu kabla kashfa ya Volkswagen, kampuni iliyobainika kudanganya vipimo vya moshi wa magari yake, haijalipuka Septemba 2015. Nchi zilizoandika hesabu zao kwa kufuata kikomo cha sheria zilikuwa na jumla zinazoshuka vizuri mwaka hadi mwaka, huku vituo vya kupima hewa kando ya barabara vikikataa kushuka.

Makosa ya aina hii, pamoja na ukubwa wake, yana nafuu moja: tarakimu ipo, na aliyekuja baadaye anaweza kuikagua, kuilinganisha na ya jirani na kuisahihisha. Chanzo kisichoandikwa hakina mstari wa kukagua. Modeli hukisoma kuwa ni sifuri, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea kwenye skrini. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1979 kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka ya nchi umelitazama jambo hili kwa busara, kwa kuwa nchi zinazoripoti chini yake hutakiwa kujaza alama pale pasipo na tarakimu: NO ikiwa shughuli hiyo haipo nchini, NE ikiwa ipo lakini haijakadiriwa, IE ikiwa imehesabiwa mahali pengine, NA ikiwa shughuli ipo lakini haitoi kichafuzi hicho, na C ikiwa takwimu ni za siri. Ningependa kila hesabu ya taifa, hata ya nchi isiyo mwanachama, ijazwe hivyo, maana tofauti kati ya NO na NE ndiyo tofauti kati ya kujua na kutokujua. Bahati mbaya ni kwamba faili inapobadilishwa kuwa ya gridi, yaani ramani iliyogawanywa katika viboksi, kwa ajili ya modeli, alama zote hizo hugeuka kuwa sifuri ileile.

Ukubwa wa tatizo umewahi kupimwa kutoka angani. Mwaka 2016 watafiti waliotumia OMI, chombo cha kupima gesi za angahewa kilichomo katika setilaiti ya Aura iliyorushwa mwaka 2004, walichapisha matokeo yaliyoonyesha karibu vyanzo 40 vikubwa vya dioksidi ya salfa ambavyo havikuwamo katika hesabu zilizokuwa zikitumika, zaidi ya theluthi yake vikiwa katika eneo la Ghuba ya Uajemi. Kwa makadirio yao, vyanzo hivyo vilitoa tani milioni 7 hadi 14 kwa mwaka, yaani kati ya asilimia 6 na 12 ya dioksidi ya salfa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Hivyo vilikuwa vyanzo vikubwa kiasi cha kuonekana kutoka angani. Mwaka 2018 utafiti mwingine ulionyesha kwamba katika miji ya viwanda, rangi, vipodozi, gundi na dawa za kusafishia huchangia takriban nusu ya misombo ya kaboni inayovukiza ambayo asili yake ni mafuta ya kisukuku, kwa kiasi ambacho hesabu za wakati huo zilikuwa zimekipunguza mno. Hakuna dohani wala bomba la moshi katika kisa hicho. Ni chupa zilizofunguliwa majumbani.

Kuna pia chanzo kinachoandikwa nusu. Kuni zinapoungua majumbani, sehemu ya moshi hutoka kama mvuke ambao hugeuka kuwa chembe mara tu unapopoa. Ukipima ndani ya dohani wakati hewa bado ni ya moto, mvuke huo hauonekani kwenye kichujio; ukipima baada ya moshi kuchanganywa na hewa baridi, unaonekana. Baadhi ya nchi za Ulaya zilitumia viwango vya njia ya kwanza na nyingine vya njia ya pili, na matokeo yake ni kwamba moshi wa kuni ulionekana kubadilika ghafla kwenye mpaka wa nchi, jambo ambalo mti hauwezi kulifanya. Watafiti walipoihesabu Ulaya nzima upya kwa njia ya pili, mwaka 2015, walipata kiasi kikubwa kwa mara 2 hadi 3. Kwa hiyo kila kiwango cha kuni na mkaa ninachokiandika hubeba maelezo ya namna kilivyopimwa.

Hoja ninayokutana nayo mara nyingi ni kwamba ni afadhali kuacha chanzo kisicho na takwimu kuliko kuweka kadirio hafifu. Sikubaliani nayo, na kuchoma taka hadharani kunanipa mfano mzuri. Tuseme watu milioni 1 hawafikiwi na huduma ya kuzoa taka, na kila mmoja huzalisha nusu kilo kwa siku. Hizo ni tani 182,500 kwa mwaka. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, unatoa 0.6 kama sehemu ya taka inayoungua pale pasipo na takwimu za nchi, kwa hiyo zinabaki tani 109,500. Kiwango kinachotumika sana cha PM2.5 kwa taka zinazochomwa wazi ni gramu 9.8 kwa kilo, na tofauti yake kati ya kipimo na kipimo ni gramu 5.7 juu au chini. Jibu ni takriban tani 1,070 za PM2.5 kwa mwaka, na kwa kuzingatia shaka ya kiwango hicho peke yake linaweza kuwa chini hadi tani 450 au juu hadi tani 1,700. Ni kadirio pana, nakiri. Lakini hakuna mahali popote katika upana huo ambapo jibu ni sifuri, na sifuri ndiyo ingeingia katika modeli kama mstari ungeachwa wazi.

Madhara ya kuuacha wazi huonekana wakati wa kulinganisha modeli na vituo vya kupimia. Modeli inatoa mikrogramu 20 kwa mita ya ujazo, kituo kinasema 40, na mtu mwenye haraka huzidisha vyanzo alivyo navyo mpaka tarakimu zilingane. Kwa kawaida vyanzo alivyo navyo ni vile vyenye takwimu nzuri, yaani magari na viwanda vyenye leseni. Hapo magari yamebebeshwa moshi wa majalala, sera itaandikwa kuhusu magari, na miaka kadhaa baadaye watu watashangaa kwa nini hewa haikubadilika. Binafsi naona ni heri modeli ibaki chini ya kipimo, na pengo lionekane wazi, kuliko ilingane nacho kwa sababu isiyo ya kweli. Pengo lililo wazi humfanya mtu atafute. Anaweza kuomba kichujio cha kituo kipelekwe maabara: levoglukosani, kemikali itokanayo na kuungua kwa mimea, ikiwa nyingi, kuna moshi wa kuni au mabaki ya mimea; antimoni, elementi inayotiwa katika baadhi ya plastiki, ikipanda, taka zenye plastiki zinastahili kufikiriwa, ingawa breki za magari nazo huitoa.

Baada ya jumla ya taifa kupatikana, inabaki kuigawa juu ya ramani na juu ya saa. Gridi ya EMEP ya siku hizi ina viboksi vya digrii 0.1, na tani za sekta nzima husambazwa ndani yake kwa kufuata kiashiria kama msongamano wa watu au urefu wa barabara. Kiashiria cha watu kikitumiwa kwa kuni, moshi mwingi huishia katikati ya miji mikubwa, ambako ndiko gesi na umeme vimeenea zaidi, huku vijiji na pembezoni vikipata kidogo. Sensa nyingi huuliza kila kaya inapikia nini, na kutumia jibu hilo badala ya idadi ya watu pekee hubadilisha ramani nzima bila kubadilisha jumla hata kwa kilo moja.

Saa nayo ina uzito wake. Mchana wenye jua, tabaka la hewa linalochanganya moshi linaweza kufika kilomita 1 au 2 kwenda juu. Usiku tulivu hushuka hadi mita mia moja au mia mbili. Kilo ileile ya moshi wa taka, ikitolewa saa mbili usiku, huacha mkusanyiko mkubwa mara nyingi kuliko ikitolewa saa nane mchana. Modeli nyingi huhesabu saa kwa saa za Greenwich, na jedwali la mgawanyo lililoandikwa kwa saa za nchi lisipohamishwa, msongamano wa magari wa asubuhi huingia saa ambayo barabara ni tupu. Kuhusu kimo nitasema kwa ufupi tu: moshi wa dohani ndefu ya kituo cha umeme hupanda kwa joto lake mamia ya mita, na ukiuweka katika tabaka la chini la modeli utaua kwenye ramani mtaa ambao kwa kweli haukuguswa.

Chanzo kipya kinapoongezwa hatimaye, kuna sharti moja ambalo naomba lisikiukwe. Kama uchomaji wa taka umeingizwa kwa mara ya kwanza katika hesabu ya mwaka 2022, lazima ukokotolewe pia kwa miaka yote iliyotangulia, kurudi hadi mwaka wa kwanza wa mfululizo, kwa njia ileile na viwango vilevile, na sababu ya mabadiliko iandikwe. Bila hivyo grafu itaonyesha moshi ulioruka ghafla mwaka 2022, na atakayeendesha modeli ya miaka kumi ataona hewa iliyoharibika katika mwaka ambao kilichobadilika ni jedwali peke yake.