Kuipiga Picha Njia Nyeupe Katikati ya Kipupwe

Miongozo mingi ya kupiga picha za nyota niliyoisoma imeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia, ambao huliita anga la Julai anga la kiangazi. Huku Moshi, Julai ni kipupwe: wingu huukalia mji mchana na usiku, na bila sweta hukai nje. Anga lenyewe, hata hivyo, ni lile lile, tena sisi tulio takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta tumependelewa. Kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru hafifu ya nyota unaokatiza anga, ambacho mkazi wa London hukiona kikiambaa chini karibu na upeo wa macho, kwetu hupanda hadi nyuzi 64 hivi.

Ili kulikimbia wingu nilikwenda Sanya Juu, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ambako mvua ni haba kuliko huku kusini mwa mlima. Mwezi ulikuwa haujaandama. Mzee aliyenikaribisha aliitazama kamera iliyoelekezwa juu akauliza, "Mwanangu, unapiga picha ya giza?"

Miongozo hiyo pia humtaka mtu aanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu iko chini ya upeo wa macho. Kwa kuwa sina mtambo wa kuzifuata nyota, niliamua kupiga picha fupi nyingi, kisha kuziunganisha kwa kompyuta. Kanuni inayotajwa sana ya kukadiria sekunde ambazo picha moja inaweza kuchukua kabla nyota hazijaacha michirizi ni kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake. Lenzi yangu ya milimita 18, ikizidishwa kwa 1.5 kwa sababu ya udogo wa kihisi cha kamera, huwa 27, na jibu ni sekunde 18. Naiona kanuni hiyo kuwa ya ukarimu mno, kwani kwa sekunde 18 nyota za kundi la Nge zilikuwa zimerefuka kama punje za mchele. Niliteremka hadi sekunde 13, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa nuru) 3200, nikapanga kupiga picha 64, ambazo zikiunganishwa hupunguza chenga, yaani vidoa vya ovyo vinavyojitokeza kwenye picha za gizani, hadi kiasi cha moja ya nane.

Usiku wa kwanza uliharibika. Kuanzia picha ya ishirini na kitu, kila nyota ilizungukwa na utando, nami nikadhani ni wingu mpaka nilipoigusa lenzi na kidole kikatoka na maji. Kioo kinachotazama anga wazi hupoteza joto haraka, na kikipoa kuliko hewa iliyokizunguka, umande hutua juu yake.

Usiku uliofuata nilipasha mchele mkavu kwenye sufuria, nikautia ndani ya soksi, nikaizungusha soksi kwenye shingo ya lenzi, na kila ilipopoa nikaupasha tena. Inachekesha, lakini hadi saa nane usiku kioo kilikuwa kikavu.

Asubuhi nilimwonyesha mzee picha iliyokamilika. Nilimweleza kwamba ile michirizi myeusi inayoipasua Njia Nyeupe si matundu, bali ni vumbi linaloziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake. Akaitikia kwa kichwa, kisha akagusa doa la rangi ya chungwa kwenye kona ya kulia, chini.

"Na hili nalo ni vumbi?"

"Hapana, babu. Hizo ni taa za Arusha."